Baba amebaki na jicho moja linaloona: tukubali leza?

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 34, mtoto wa tatu kati ya wanne, na ndiye ninayeishi na baba tangu mama alipofariki. Baba ana miaka 69. Miaka minane iliyopita aligundulika ana glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu mshipa wa fahamu, ile ambayo daktari anaiita ya pembe iliyo wazi. Wakati huo jicho la kulia lilikuwa limeshaharibika, na sasa linaona mwanga tu. La kushoto bado linasoma gazeti, ila tumeambiwa mshipa wake wa fahamu umeliwa sana na eneo analoona pembeni limebana.

Kabla ya dawa, presha ya jicho hilo la kushoto ilikuwa 31. Sasa anatumia matone ya latanoprosti usiku, na chupa nyingine yenye timololi na dozolamaidi pamoja, asubuhi na jioni. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo anayemtia dawa ni mimi. Kliniki ya mwisho jicho la kushoto lilipimwa 22, la kulia 30. Daktari anataka la kushoto lishuke hadi 15 au chini ya hapo, akapendekeza leza, ile inayolenga chujio la maji ya jicho. Foleni ilikuwa ndefu, akatueleza harakaharaka na kutupa mwezi mmoja tufikirie.

Shida yangu ndiyo hii. Nimepata kazi katika mji mwingine, kazi niliyoisubiri muda mrefu, na natakiwa kuripoti baada ya miezi miwili. Nilikuwa karibu kuikataa, maana nani atamtia baba dawa? Kisha nikasoma kwamba watu watatu kati ya wanne waliopigwa leza hawakuhitaji tena matone. Nikaona mlango umefunguka: baba apigwe leza, aache dawa, mimi niende.

Kaka yangu mkubwa hataki hata kusikia. Anasema jicho lililobaki ni moja, haliguswi. Kila tukikaa anakumbusha habari za baba mdogo, aliyepigwa leza na kabla mwaka haujaisha akawa haoni. Ameniambia nikisaini halafu baba akapofuka, lawama yote ni yangu. Dada naye anasema bora upasuaji mara moja, mambo yaishe. Baba akiulizwa anajibu, "Fanyeni mnavyoona," kisha ananyamaza.

Usiku sipati usingizi. Nikifikiria kukubali, najiuliza kama nafanya hivyo kwa ajili ya jicho la baba au kwa ajili ya kazi yangu. Naomba mawazo yako.

Niliye njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeandika namba. Presha ya kabla ya dawa, ya sasa, na ile daktari anayoitaka. Kwa namba hizo tatu tunaweza kuzungumza kwa uhakika zaidi kuliko kwa hofu za kikao cha familia.

Naona una maswali mawili. La kwanza, je, leza itamfaa baba? La pili, je, unaweza kuondoka? Umeyafunga kwa kamba moja: leza itaondoa dawa, dawa ikiondoka nawe utakuwa huru. Hiyo kamba ndiyo naiomba tuikague kwanza.

Habari ya watu watatu kati ya wanne ni ya kweli. Inatokana na utafiti mkubwa wa Uingereza ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019: baada ya miaka mitatu, asilimia 74 hivi ya walioanza na leza walikuwa na presha inayotakiwa bila tone lolote. Lakini hao walikuwa ndio kwanza wamegundulika, hawajawahi kutumia dawa, na leza ilikuwa tiba yao ya kwanza. Baba yako yuko upande mwingine kabisa wa safari. Ana dawa tatu katika chupa mbili, na bado presha ni 22.

Leza hii kwa kawaida hushusha presha kwa asilimia 20 hadi 30 katika jicho ambalo halijaanza dawa. Kwa anayetumia dawa kadhaa, mara nyingi hupungua chini ya hapo. Sasa piga hesabu. Ukiondoa asilimia 20 kwenye 22 unapata 17 na nusu hivi, huku matone yote yakiendelea. Ukisimamisha matone ukarudi 31, kisha leza ikaondoa hata asilimia 30, unabaki karibu na 22, yaani hapohapo alipo leo. Ili baba aache dawa zote na afike 15, leza ingelazimika kukata presha yake kwa nusu. Macho huitikia kwa namna tofauti, kwa hiyo siwezi kusema haitatokea. Ila kukubali kazi na kuhama mji kwa kutegemea hilo ni kutegemea jambo ambalo hesabu hailiungi mkono.

Sababu yake inaeleweka ukijua maji yanavyopita. Jicho hutengeneza maji ndani yake mchana na usiku, na maji hayo hutoka kwenye pembe, pale konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inapokutana na sehemu yenye rangi ya jicho. Hapo kuna chujio. Mfikirie mtu mwenye sinki ambalo bomba lake halifungwi na shimo la kutolea maji limeziba kiasi. Timololi na dozolamaidi hupunguza kasi ya bomba. Latanoprosti hufungua zaidi njia nyingine ya kutokea maji, iliyo nje ya chujio. Leza inalenga chujio lenyewe. Kila moja ina kazi yake, ndiyo maana kwa mtu kama baba daktari huwa anafikiria kuongeza leza juu ya dawa. Muulize waziwazi: "Unategemea leza iongezee dawa au ichukue nafasi yake?" Nahisi hilo ndilo lililopotea kwenye ile foleni.

Nisikufanye uidharau leza, maana ni tiba yenye uzito. Katika utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa wenye presha zaidi ya 21 waligawanywa, wengine wakapewa leza na wengine matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza yalikuwa yamefikia presha iliyolengwa, dhidi ya asilimia 31 ya yale ya timololi. Theluthi moja hivi ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalihitaji kurudiwa ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo inafanya kazi, haifanyi kwa kila mtu, na inadai kufuatiliwa. Nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na ikipungua inaweza kurudiwa.

Tuje kwa kaka yako, maana hofu yake ina sehemu mbili, na moja kati ya hizo ni ya haki.

Kuhusu baba mdogo, jambo la kuuliza kwanza ni leza gani aliyopigwa. Iko inayotoboa tundu dogo kwenye sehemu yenye rangi, kwa mtu ambaye pembe ya jicho imebana au imefunga. Iko inayochoma kiwanda cha maji, na mara nyingi hiyo hutumika kwa jicho ambalo tiba nyingine zimeshindwa na kuona kumebaki kidogo. Na iko hii ya chujio, ambayo nayo ina ya zamani na ya sasa. Ya zamani, ya argoni, iliyoanza kutumika mwaka 1979, hupiga kwa sehemu ya kumi ya sekunde na kuacha makovu madogo kwenye chujio, ndiyo maana kuirudia ni hatari. Ya sasa hutumia mwanga wa kijani wa nanomita 532 kwa nanosekunde 3 tu, muda mfupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kusambaa. Mwanga humezwa na seli zenye rangi, kisha mwili huanza kusafisha chujio wenyewe. Kama kuna karatasi za kliniki za baba mdogo, zitafutwe, daktari azione. Muulizeni pia baba mdogo mwenyewe kama aliendelea na kliniki baada ya leza. Wengi hudhani wamepona, wanaacha dawa na vipimo, na glakoma inaendelea kula mshipa bila maumivu yoyote. Leza inapewa lawama ya ugonjwa wenyewe.

Sehemu ya haki ni hii. Saa moja au mbili baada ya leza, presha inaweza kupanda ghafla badala ya kushuka. Kwa mtu mwenye mshipa imara, mpando wa saa chache hauleti madhara makubwa. Kwa mshipa ulioliwa sana kama wa baba, hata saa hizo chache ni za kuangaliwa kwa makini. Kwa sababu hiyo hutiwa tone la brimonidini au apraklonidini kabla au baada ya leza, na presha hupimwa tena saa moja hivi baadaye. Msiondoke kabla ya kipimo hicho. Ombeni miadi ya asubuhi, ili presha ikipanda kuwe na muda wa kutibiwa siku hiyohiyo, pengine kwa vidonge vya asetazolamaidi (semeni mapema kama baba ana mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo). Kama chujio lake lina rangi nyingi, hatari ya kupanda ni kubwa zaidi, na daktari anaweza kupunguza nguvu ya mipigo au kupiga nusu ya duara kwanza, mipigo 50 badala ya 100. Rangi hiyo huonekana kwa lenzi yenye kioo inayowekwa juu ya jicho. Lenzi hiyohiyo ndiyo inayothibitisha kwamba pembe bado iko wazi, maana pembe hubadilika na umri. Ulizeni ilitazamwa lini mara ya mwisho.

Hata hivyo, ukizungumza na kaka, mwombe afikirie na upande wa pili. Anaposema jicho haliguswi, anaona kama kutogusa ni usalama. Jicho lisiloguswa litaendelea kukaa na 22 wakati mtu anayelijua anaona linahitaji 15, na kile mshipa unachopoteza hakirudi kwa dawa, leza wala upasuaji. Kila njia mliyonayo ina hatari yake, hata ile ya kusubiri.

Kuna njia ya katikati ambayo hamkuitaja. Jicho la kulia lina presha 30 na bado linaona mwanga, jambo ambalo lina thamani yake. Muulizeni daktari kama inafaa lipigwe leza hilo kwanza. Mara nyingi jicho moja likiitikia vizuri, la pili nalo huitikia, na presha ikipanda ghafla inakuwa kwenye jicho lenye kidogo cha kupoteza. Gharama ya njia hii ni muda: jibu la leza hupimwa vizuri baada ya wiki nne hadi sita. Kama kipimo cha eneo la kuona kinaonyesha jicho la kushoto linashuka haraka, daktari anaweza kusema hakuna nafasi ya kusubiri, na atakuwa na sababu.

Dada yako anataka upasuaji ili mambo yaishe. Upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji unaweza kushusha presha kuliko leza, na kama 15 ni lazima, huenda mkaufikia siku moja. Lakini wiki za mwanzo ndizo zenye kliniki nyingi zaidi, na matone ya kuzuia uvimbe hutiwa mara nyingi kwa siku, kwa wiki kadhaa. Presha inaweza kushuka mno, kovu linaweza kuziba njia, mtoto wa jicho anaweza kuja mapema, na maambukizi yanaweza kuingia hata miaka baadaye. Mara chache, jicho lenye eneo dogo sana la kuona hupoteza hata hilo dogo. Kwa binti anayeondoka baada ya miezi miwili, hiyo si njia fupi. Swali la kumpelekea daktari: "Leza isipotufikisha 15, hatua inayofuata ni ipi, na tutasubiri wiki ngapi kabla ya kuamua?"

Kabla ya yote hayo, ombeni presha ipimwe tena siku nyingine, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Chunguza na dawa zenyewe. Tone moja latosha. Vuta kope la chini, tia, afumbe jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isikimbilie kooni na kwenye damu. Kati ya chupa moja na nyingine pitisha dakika tano, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Latanoprosti iliyofunguliwa hutupwa baada ya wiki nne hadi sita, kufuatana na karatasi yake, hata kama imebaki. Na kama baba anatumia tone au krimu yoyote yenye steroidi karibu na macho, hata ya kutuliza kuwashwa, mwambie daktari, maana steroidi hupandisha presha ya jicho. Timololi nayo haimfai mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole. Akianza kuhema au kuchoka isivyo kawaida, msingoje kliniki ijayo.

Sasa swali la kuondoka. Hata leza ikipigwa wiki hii, jibu lake litajulikana karibu na tarehe yako ya kuripoti. Mkingoja mwezi mzima, jibu litakuja ukiwa umeshaondoka. Kwa vyovyote vile, atahitajika mtu mwingine wa kutia dawa, angalau kwa kipindi hicho, na pengine kwa miaka. Ukiitazama kazi yenyewe, ni ndogo kuliko inavyoonekana ukiwa unaibeba peke yako. Muulize daktari kama latanoprosti inaweza kutiwa muda mmoja na chupa ya jioni, tuseme saa mbili usiku, kwa kupishana dakika tano. Hapo zinabaki nafasi mbili kwa siku, kila moja ya dakika kumi. Je, kaka na dada wameshaombwa kuzibeba, au wameombwa maoni tu? Yeyote atakayekubali, aanze sasa ukiwa bado upo, umsimamie mpaka mkono wake uzoee. Baba naye ajaribu akiwa amelala chali, mkono umeegemea kwenye paji la uso. Mtetemeko hupungua mkono ukiwa na pa kuegemea. Vipo pia vishikizo vya plastiki vinavyoshika chupa juu ya jicho.

Unajiuliza kama unakubali kwa ajili ya jicho au kwa ajili ya kazi. Daktari alipendekeza leza bila kujua habari za kazi yako. Kama kazi ingefutwa kesho, pendekezo lake lingebaki vilevile. Unaruhusiwa kutaka vyote viwili bila kujihukumu, ilimradi kazi isikufanye usikie kutoka kwa leza ahadi ambayo haikutolewa.

Na kuhusu kusaini: maadamu baba ana akili timamu, mwenye kusaini ni yeye. Ile lawama kaka aliyokuandalia haina pa kukaa. "Fanyeni mnavyoona" inaweza kuwa imani kwenu, inaweza kuwa uchovu, na inaweza pia kuwa njia ya mzazi kuficha kwamba amesikia habari za kazi yako na hataki kuwa kikwazo. Kaa naye mkiwa wawili. Usimuulize "leza au hapana." Muulize anaogopa nini zaidi, na ni kitu gani angependa jicho hilo liendelee kumfanyia. Halafu umweleze siku yenyewe itakavyokuwa, maana wazee wengi wakisikia leza hufikiria kisu. Atatiwa matone ya kuzuia presha isipande na ya ganzi, atakaa na kuweka kidevu kwenye mashine ileile anayopimwa kila kliniki, lenzi yenye jeli itawekwa kwenye jicho, ataona mimuliko na kusikia milio midogo kwa dakika tano hadi kumi. Wengi husikia kama kudonolewa kidogo. Ataona ukungu kwa saa chache, na kwa kuwa jicho lingine haliwezi kumsaidia, lazima awe na mtu wa kumshika mkono. Wekundu na kuuma kidogo kwa siku mbili tatu ni kawaida. Maumivu makali, kutapika, au kuona kunakopungua ni vya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Matone yote yanaendelea kama kawaida mpaka daktari, baada ya kupima, aseme ipi ipunguzwe. Leza haitamwongezea kuona, na hilo alijue mapema ili asije akadhani imeshindwa.

Jambo la mwisho ni lako wewe na ndugu zako. Mtoto wa mtu mwenye glakoma yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata, na kwako naona baba na baba mdogo, ingawa bado hatujui ugonjwa wake ulikuwa wa aina gani. Mnapokwenda kumpima baba, ombeni na ninyi wanne mpimwe presha, mtazamwe mshipa wa fahamu na pembe za macho, hata kama mnaona vizuri. Kaka naye aende.